Dishi la Safari: Niliyojifunza Kutoka Uingereza hadi Hispania

Mwezi wa pili baada ya mama kuzikwa, tuliamua kumchukua baba tusafiri naye. Tulikuwa na gari la kulalia, lile ambalo wenyewe huliita kampavani, na mpango wa wiki sita: kuvuka bahari kutoka Uingereza, kushuka Ufaransa yote, hadi pwani ya Hispania upande wa Valencia. Baba alikubali kwa sharti moja, taarifa ya habari ya BBC ya saa 12 jioni asiikose. Alikuwa akiitazama na mama miaka yote, na tangu abaki peke yake saa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwambia kwamba siku imekwisha. Sikuliona kuwa sharti gumu. Nikanunua dishi la kubebeka la sentimita 60, tripodi yake, waya wa mita 15 na king'amuzi.

Wiki sita zile zilinifundisha kwa gharama. Kama unajiandaa kubeba dishi kuvuka mpaka, soma kabla hujafungua pochi.

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata ya kuwasha gari. King'amuzi nilikinunua cha mtumba kwa kuwa bei ilikuwa nzuri na muuzaji alikuwa na haraka ya kukiondoa. Nilichokuwa nataka ni Freesat, huduma ya televisheni ya setilaiti iliyoanzishwa 2008 na BBC pamoja na ITV, isiyo na kadi wala malipo ya mwezi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na bado nausimamia. Kadi ya kulipia ina mkataba, na mikataba mingi hairuhusu kadi itumike nje ya nchi ilikotolewa. Ikizimwa ukiwa safarini huna wa kumlilia. Lakini king'amuzi nilichonunua kilikuwa cha kizazi cha zamani, cha picha za SD tu, zile za ubora wa kawaida, na mwanzoni mwa 2024 BBC ilizima chaneli zake za SD kwenye setilaiti. Nilikijaribu usiku wa kuamkia safari. Chaneli nyingine zilikuja vizuri. BBC haikuwepo.

Asubuhi nikakimbilia dukani nikachukua cha HD, chenye picha kali zaidi, cha kwanza nilichokiona, na kwa haraka ile sikuangalia kinatumia umeme gani. Kilikuwa cha volti 230 peke yake. Maana yake kila tulipokuwa nje ya kambi yenye umeme ilibidi niwashe inveta, igeuze volti 12 za betri ziwe 230, kisha adapta ya king'amuzi izirudishe tena chini, na kila mgeuzo unakula chaji bure. Televisheni yetu ndogo ilikuwa inavuta kama wati 30 na king'amuzi kama 15. Moja kwa moja kwenye volti 12 hiyo ni karibu ampea 4, mzigo ambao betri ya ampea-saa 100 inaubeba jioni nzima bila kuumia, mradi usiishushe chini ya nusu kama ni ya risasi na asidi. Kupitia inveta hesabu ilikuwa mbaya zaidi. Mara mbili tuliamka taa za ndani zimefifia. Nunua king'amuzi kilichoandikwa 12V, kiwe cha HD, ukijaribu nyumbani wiki nzima kabla ya safari. Usiku mmoja hautoshi.

Kambi yetu ya kwanza ng'ambo ilikuwa Normandy. Tulifika saa 10 jioni, nikajiambia nina saa tatu nzima, kwa maana Ufaransa iko mbele ya Uingereza kwa saa moja na habari ingeanza saa 1 usiku. Nikaweka tripodi kwenye nyasi kando ya gari, nikatoa dira, nikaanza.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu kama ningelielewa jambo hili mapema nisingeteseka. Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zinazunguka sambamba na dunia kiasi kwamba kwetu zinaonekana zimesimama. Ukiwa karibu na ikweta unaelekeza dishi juu, karibu utosini. Ukiwa Ulaya unaelekeza kusini, na kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo setilaiti inavyoshuka kuelekea upeo wa macho. Freesat iko kwenye setilaiti za Astra zilizo digrii 28.2 mashariki. Kutoka Normandy hiyo ni kusini mashariki, dira ikisoma kama 145, na juu kutoka ardhini kama digrii 27 au 28 tu. Chini sana. Mti ulio mita 10 mbele ya dishi, ukilizidi dishi kwa kama mita 5 na nusu, umeshakuzibia. Majani tu yanatosha kuzuia, haihitaji shina.

Na mimi nilikuwa nimeegesha mbele ya mstari wa mipopla, miti mirefu.

Hilo sikuligundua haraka, kwa sababu kulikuwa na makosa mengine mawili juu yake. Dira niliishika nikiwa nimeegemea gari, na chuma cha gari kiliivuta sindano. Sogea hatua kadhaa mbali na gari, soma dira, chagua kitu cha mbali kilicho kwenye mstari huo, paa au nguzo, kisha rudi uelekeze dishi kwenye kitu hicho. La pili lilikuwa umbo la dishi lenyewe. Madishi haya madogo huwa na LNB, kile kichwa kwenye mkono, kimekaa chini na si katikati, hivyo dishi linapokea mawimbi kutoka juu zaidi ya linakoelekea kwa macho. Likiwa limelenga digrii 28 linaonekana limesimama wima, kama sinia lililoegemezwa ukutani. Mimi niliona limesimama mno, nikalilaza nyuma likaangalia mawingu. Fuata namba zilizochorwa kwenye kishikio cha nyuma, macho yako yatakudanganya.

Baada ya saa moja na nusu kile kipima mawimbi nilichokifunga kwenye waya kikalia kwa nguvu. Nikapiga kelele ya furaha. Mke wangu akawasha utafutaji wa chaneli, na chaneli zikamiminika: ZDF, Das Erste, nyingine kwa makumi, zote za Kijerumani. Nilikuwa nimekamata Astra ya digrii 19.2, jirani yenye nguvu kuliko zote. Kipima mawimbi cha bei ndogo hakijui jina la setilaiti. Kinajua kelele tu.

Baba alikuwa ameketi ndani tangu saa 12 na nusu, miwani imevaliwa, mikono magotini. Saa 1 ikafika ikapita. Aliniambia taratibu, "Mwanangu, njoo ndani sasa, unyevu huo utakuletea homa." Hakulalamika, na huko kutolalamika ndiko kulikonichoma. Usiku ule nilikuwa mkali kwa mke wangu bila sababu.

Asubuhi nilianza upya, safari hii bila saa ya kukimbizana nayo. Nilihamisha tripodi hadi mita 12 kutoka kwenye gari, mahali ambapo pengo la mipopla lilikuwa wazi. Kuna programu za simu zinazokuonyesha kwa kamera mahali hasa setilaiti ilipo angani, ukainua simu ukaona kama kuna tawi katikati. Ipakue kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu kambi nyingi intaneti yake ni ya kubahatisha. Faida kubwa ya dishi la tripodi juu ya lile la kufungwa paani ni hiyo: gari likae kivulini, dishi likae juani. Lile la paani, hata kama linajitafutia lenyewe kwa mota na bei yake ni mara nyingi ya hili, likizibwa na mti itabidi uhamishe gari zima.

Kisha nikatumia makosa ya jana kama ngazi. Nilikamata kwanza 19.2 kwa makusudi, kwa kuwa ni rahisi, nikahakikisha kwa kuona ZDF. Kutoka hapo, ukiwa umetazama kusini, 28.2 iko kushoto kwako kama digrii 10 na chini kidogo, kama digrii 3. Nikashusha, nikaanza kusogeza kuelekea kushoto.

Namna ya kusogeza ndiyo kazi yenyewe. Kwenye dishi la sentimita 60, digrii moja ni nusu sentimita tu kwenye ukingo. Ukilisukuma kama unavyosukuma mlango umeruka setilaiti bila kujua. Weka kidole gumba kwenye ukingo, sogeza kiasi cha unene wa kucha, kisha subiri ukihesabu hadi tano, kwa maana king'amuzi kinahitaji muda kutambua mawimbi na kuyashika. Sogeza tena. Hesabu tena. Mke wangu alikuwa mlangoni akinisomea skrini: "Nguvu 60, ubora sifuri. Nguvu 62, ubora sifuri. Sifuri. Sifuri. Ishirini! Hapo hapo, usiguse!" Ubora ndio wa kutazama. Nguvu inaweza kusoma juu hata kwenye setilaiti isiyo yako, au kwenye kelele za waya mrefu. Ubora hupanda pale tu king'amuzi kinapoelewa kinachosikia. Tulipofika 70 nikageuza LNB yenyewe ndani ya kishikio chake, kidogo kidogo, kama unavyofungua kifuniko cha chupa, na ubora ukapanda hadi 81. Mzunguko huo wa LNB hubadilika unaposafiri, nao wengi huusahau. Ukishuka kusini huku setilaiti ikibaki mashariki kwako, kichwa kinahitaji kuinamishwa zaidi.

Nikafunga skrubu zote huku mtu akisoma ubora, kwa sababu kukaza skrubu peke yake kunaweza kukupotezea digrii nzima. Halafu nikaandika kwenye daftari: jina la kambi, dira, namba ya kishikio cha nyuma, mkao wa LNB, nilichokilenga kwa mbali. Daftari lile limenisaidia kuliko kipima mawimbi.

Jioni ile baba aliona habari yake yote. Hali ya hewa ilipoanza akasema, kama alivyozoea kumwambia mama, "Kesho mvua huko." Tukanyamaza sote.

Mambo madogo yaliyotusumbua njiani ni mengi, ila mawili yanastahili kusemwa. La kwanza ni koneta. Siku moja karibu na mto Loire skrini iliandika kwamba LNB imepiga shoti, na king'amuzi kikajizima. Nilibadilisha kila nilichoweza kubadilisha. Mwishowe nilifungua koneta ya skrubu nyuma ya king'amuzi, nikaiweka kwenye mwanga wa dirisha, nikaona unyuzi mmoja wa ule wavu wa nje wa waya, mwembamba kama unywele, umejikunja ukagusa shaba ya katikati. King'amuzi hupeleka umeme juu kwa waya huohuo, volti 13 au 18 kulingana na mpangilio wa mawimbi, hivyo unyuzi ule ulikuwa unaunganisha umeme na ardhi yake. Nilipoutoa kwa ncha ya kisu, kila kitu kikarudi. Beba koneta mbili tatu za akiba na kisu kidogo. Na waya usipitishe mlangoni ukaubana: kuna vipande bapa vya kupitishia dirishani, au tumia tundu lililotengenezwa ubavuni mwa gari.

La pili ni upepo. Tripodi tupu haina uzito. Usiku mmoja dishi lilianguka kifudifudi na mkono wa LNB ukapinda, kwa macho kidogo tu. Niliunyoosha kwa mkono, lakini kuanzia siku hiyo ubora haukupita 65 pale ambapo ningetegemea 75. LNB ikitoka hata sentimita moja mahali pake, mawimbi yanayokusanywa na dishi hayaikuti. Funga ndoo ya maji au mfuko wa mchanga katikati ya miguu ya tripodi, kila jioni, hata kama majani hayatikisiki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna ufundi unaolitatua, na ndilo nililopaswa kulijua kabla ya mengine yote.

Kadiri tulivyoshuka Ufaransa, namba zilishuka. Normandy ubora ulikuwa juu ya 80. Loire, kabla dishi halijaanguka, ulikuwa kama 70. Karibu na Bordeaux tulikuwa tunashikilia 50, na wingu zito likipita picha ilivunjika vipande vya miraba na sauti kukatika. Nililaumu mkono uliopinda. Nililaumu waya. Nilinunua LNB mpya, kisha waya mpya mnene, pesa ambazo zingetosha siku kadhaa za kambi, na namba zilipanda kwa mbili.

Ukweli ni kwamba BBC na ITV hazitangazi Ulaya nzima. Mwaka 2003 BBC iliondoa usimbaji wa chaneli zake kwenye setilaiti, yaani kule kufungwa hadi uwe na kadi, na iliweza kufanya hivyo kwa kuzipitisha kwenye Astra 2D, ambayo mwale wake ulikuwa umeelekezwa hasa visiwa vya Uingereza. Haki za filamu na michezo zilinunuliwa kwa ajili ya Uingereza, basi mwale nao ukaelekezwa huko. Nje ya hapo mawimbi humwagikia majirani, yakipungua kadiri unavyosogea. Kisha Astra 2E, iliyorushwa Septemba 2013, ilipochukua kazi hiyo mapema 2014, mwale wake ulikuwa umebanwa zaidi, na watu wengi waliokuwa wakiishi Hispania walipoteza chaneli zao. Walioendelea kuzipata kusini mashariki mwa Hispania ni wale waliosimika madishi makubwa ya zaidi ya mita moja, tena mengine zaidi sana. Dishi la sentimita 60 halina nafasi pale. Hata la 80, ambalo lingenisogeza mbele ndani ya Ufaransa, lisingenifikisha Valencia. Kila setilaiti ina ramani ya eneo inaloangazia, na ramani hizo zipo wazi mtandaoni. Ningeitazama kwa dakika tano nisingemwahidi baba nilichomwahidi.

Njia ya intaneti nayo ilikuwa imefungwa, maana iPlayer ya BBC hucheza ndani ya Uingereza tu. Vipindi ulivyopakua kwenye simu kabla ya kuondoka unaweza kuvitazama ukiwa nje, na kwa tamthilia hilo ni jambo jema. Kwa habari ya leo haisaidii.

Valencia nilipigana na dishi siku mbili. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu zilikuwa siku nzuri, bahari iko mita mia mbili, baba amekaa kwenye kiti cha turubai akinitazama mgongo. Jioni ya pili alisimama, akaja akaweka mkono juu ya ukingo wa dishi. Akasema, "Baba, mama yako hayumo humu. Liache." Kisha akaniuliza kama hakuna habari nyingine yoyote kwenye anga lote lile.

Ilikuwepo. Nilikuwa nimeng'ang'ania setilaiti moja kiasi cha kusahau kwamba nyingine zina mwale mpana. Hot Bird, digrii 13 mashariki, imeelekezwa Ulaya nzima, na pale tulipokuwa dishi la 60 lilitosha kabisa. Niliangalia programu ya simu: dira kama 160, juu digrii 42, hakuna mti wa kuhofia. Nikabadilisha king'amuzi kutoka orodha ya Freesat kwenda utafutaji wa kawaida, jambo ambalo si kila king'amuzi cha Freesat kinalikubali, kwa hiyo hakikisha chako kinalo kabla ya kununua. Baada ya dakika ishirini tulikuwa na France 24 ya Kiingereza, chaneli ya habari ya Wafaransa, ubora 78, mkono uliopinda na vyote.

Baba hakuipenda mwanzoni. Watangazaji walikuwa wageni kwake na hali ya hewa ilikuwa ya miji asiyoijua. Siku ya nne nilimkuta akimweleza mke wangu uchaguzi wa nchi ambayo hajawahi kuitaja maishani, kwa undani, akipigapiga goti kwa kidole.

Wiki mbili baadaye tulirudi Normandy, kambi ileile. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, nikapima hatua hadi pengo la mipopla, nikalenga paa la ghala nililokuwa nimeliandika. Dakika tisa kutoka kufungua mfuko hadi picha. Ilikuwa imebaki robo saa kabla ya saa 1. Nikamwita baba. Akaja na miwani yake, akaketi, akatazama BBC hadi ikafika hali ya hewa, kisha akanigeukia akauliza kama ile ya Wafaransa nayo inapatikana hapa.

Nikachukua bisibisi nikatoka.